Mwanao amejenga seva ya barua pepe nyumbani, mbona barua hazifiki?

Mwanza. Neno “imetumwa” kwenye skrini ya simu huwatuliza watu wengi. Mtu akiliona, anarudisha simu mfukoni na kuendelea na shughuli zake akiamini kwamba barua yake imeshafika. Kwa familia inayotumia huduma za kampuni kubwa za barua pepe, imani hiyo mara nyingi haina madhara. Lakini kwa familia ambayo kijana wake amejenga seva ya barua pepe mwenyewe, kwa kompyuta iliyowekwa kwenye kona ya sebule, neno hilo linaweza kumponza mtu.

Barua inaweza kukaa ndani ya kompyuta hiyo siku tano nzima ikisubiri kuondoka, na mwandishi wake asiambiwe lolote. Ndani ya siku tano usaili wa kazi unapita, tarehe ya kliniki inapita na dirisha la maombi ya chuo linafungwa.

Hii si sababu ya kuwakataza vijana. Zipo kazi chache za likizo zinazomfundisha kijana mambo mengi kiasi hiki kwa gharama ndogo. Kinachotakiwa ni mzazi kujua maswali ya kuuliza. Hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Anahitaji kujua barua hupita wapi na hukwama wapi.

MIEZI YA KUSUBIRI

Mtihani wa kidato cha nne humalizika Novemba, matokeo hutoka baada ya mwaka mpya, na wanaochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti shuleni katikati ya mwaka. Hapo katikati kijana ana miezi mingi ya kukaa nyumbani, na wazazi wengi huhangaika kumtafutia cha kufanya.

Chukua mfano wa nyumba moja ya Pasiansi, wilayani Ilemela, upande wa barabara iendayo uwanja wa ndege. Kijana amepata kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika. Ameweka mfumo wa Linux, kisha programu mbili za bure: Postfix, ambayo hupokea na kusafirisha barua, na Dovecot, ambayo huzihifadhi na kumwonyesha mwenyewe anapofungua simu. Amelipia jina la kikoa, yaani lile neno linalokuja baada ya alama ya @, na sasa baba, mama na wadogo zake wote wana anwani zinazoishia na jina la ukoo.

Jioni ya kwanza mama anamwandikia baba, wote wakiwa sebuleni. Barua inafika papo hapo na nyumba nzima inafurahi. Kesho yake mama anamwandikia dada yake aliyeko Dar es Salaam. Kimya. Dada anaambiwa kwa simu aandike yeye. Kimya vilevile.

Mama anauliza, “Mwanangu, barua yangu iko wapi?” Jibu ni lilelile, “Mama, mbona imeshatumwa.” Kijana anabadilisha mpangilio huu, anagusa ule, anafuta kila kitu na kuanza upya. Saa nane usiku bado yuko macho, na sasa hata barua za sebuleni hazifiki.

Kosa lake si kukosa akili. Anatibu kabla ya kupima.

PIMA KWANZA, NDIPO UTIBU

Mzazi wa kanda ya ziwa anajua hatari ya kumeza dawa ya malaria kwa sababu tu mwili umechemka. Homa inaweza kuwa ya malaria, taifodi, maambukizi ya njia ya mkojo au kitu kingine kabisa. Bila kipimo, dawa ni kubahatisha. Seva ya barua ni vivyo hivyo. Dalili ni moja, “barua haijafika,” lakini vyanzo ni vingi, na kila kimoja kina tiba yake.

Kipimo chenyewe kipo ndani ya kompyuta. Seva huandika kila inachofanya kwenye daftari lake la kumbukumbu, ambalo katika kompyuta nyingi za Linux ni faili liitwalo mail.log. Kila barua ina mistari yake: imetoka kwa nani, imeelekezwa wapi, na seva ya upande wa pili imejibu nini.

Maelezo hayo ni ya Kiingereza, lakini jibu la upande wa pili huanza na namba ya tarakimu tatu, na maana ya namba hizo ni moja dunia nzima. Ziko katika kanuni za kusafirisha barua pepe zilizoandikwa na Mmarekani Jonathan Postel mwaka 1982, na bado zinatumika. Mzazi akumbuke tarakimu ya kwanza tu.

Ikianza na 2, upande wa pili umeipokea barua.

Ikianza na 4, kuna tatizo la muda, na seva itajaribu tena baadaye.

Ikianza na 5, barua imekataliwa na seva haitajaribu tena.

Kuna hali ya nne: upande wa pili haujibu kabisa. Seva huihesabu hali hiyo kama tatizo la muda, na barua hubaki kwenye foleni. Kijana akiandika amri ya mailq, ataiona foleni yote. Mama anaweza kuisoma pamoja naye, kwa sababu anwani ya dada yake itakuwa pale pale kwenye orodha.

Kwa nini basi barua ya sebuleni ilifika? Kwa sababu haikutoka nje ya nyumba. Ilipokelewa na kompyuta ileile, ikawekwa kwenye sanduku la baba. Jaribio hilo linathibitisha kwamba programu zinaelewana, lakini halisemi lolote kuhusu njia ya kwenda Dar es Salaam.

GETI MOJA, VYUMBA VINGI

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni mlango wa kuingilia.

Nyumba nyingi hupata intaneti kwa ruta yenye laini ya simu. Kampuni za simu zina anwani chache kuliko wateja, hivyo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama nyumba ya kupanga yenye geti moja na vyumba kumi na viwili. Kutoka, kila mpangaji anatoka bila shida. Lakini mgeni akifika getini na barua isiyo na namba ya chumba, mlinzi hajui amwite nani, anamrudisha.

Ndiyo maana barua ya dada haiingii. Kuhakiki ni rahisi. Kijana afungue ukurasa wa ruta aone anwani iliyopewa, kisha afungue tovuti inayoonyesha anwani yake jinsi inavyoonekana nje. Zikiwa tofauti, nyumba iko nyuma ya geti la pamoja. Anwani ya kwenye ruta ikianzia 100.64 hadi 100.127, hakuna haja ya kuendelea kubishana, kwa sababu fungu hilo limetengwa kwa kazi hiyo ya kuchangia.

Hata kama nyumba ina anwani yake, anwani hiyo inaweza kubadilika kila ruta inapozimwa na kuwashwa. Umeme ukikatika Pasiansi mara mbili kwa siku, seva inaweza kuwa imehama mara mbili, na wanaoitafuta wanabisha hodi kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Chanzo cha pili ni mlango wa kutokea. Seva za barua huzungumza kupitia mlango namba 25. Kampuni nyingi za intaneti duniani huufunga mlango huo kwa wateja wa majumbani, kwa sababu kompyuta zenye virusi huutumia kumwaga barua taka. Ukiwa umefungwa, daftari litaonyesha kwamba muda wa kusubiri jibu umekwisha, na barua ya mama itabaki kwenye foleni.

Matatizo haya hayamalizwi kwa kubadilisha mpangilio wa Postfix usiku kucha. Humalizwa kwa njia tatu: kuomba anwani ya kudumu kwa mtoa huduma, ambayo mara nyingi iko kwenye vifurushi vya biashara, kukodi seva ndogo kwenye kituo cha data ipokee barua na kuzipitisha nyumbani, au kutumia huduma ya kupitisha barua zinazotoka. Zote zina gharama ya mwezi au mwaka, na mzazi aijue kabla ya kusema “endelea.”

KIBAO CHA NYUMBA NA MUHURI

Tuseme njia imefunguka. Sasa daftari linaonyesha 550: barua imekataliwa. Hapo si suala la njia tena. Ni suala la kuaminika.

Watanzania wanakumbuka Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, mitaa ilipopewa majina na nyumba zikabandikwa namba. Barua pepe nayo ina vibao vyake. Seva ikijitambulisha kwa jina fulani, seva ya upande wa pili huangalia kama anwani iliyopigia inarudisha jina hilohilo. Kibao hicho huwekwa na mwenye anwani, yaani mtoa huduma ya intaneti. Kijana hawezi kukiweka mwenyewe, lazima aombe.

Vibao vingine vitatu huwekwa kwenye rekodi za jina la kikoa, na hivyo kijana anaviweka mwenyewe. SPF ni orodha ya hadharani ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la familia. DKIM ni muhuri unaogongwa kwenye kila barua kuthibitisha kwamba haikubadilishwa njiani. DMARC ni maelekezo ya nini kifanyike kwa barua inayodai kutoka kwa familia bila kuwa na uthibitisho huo.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza masharti haya. Kila anayetuma kwenye anwani za Gmail anatakiwa angalau awe na SPF au DKIM, na kibao cha anwani kinacholingana na jina. Wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wanatakiwa kuwa na vyote vitatu. Familia haifiki huko, lakini kuviweka vyote ndiyo njia salama.

Makosa ya hapa ni madogo kwa macho. Kosa la kawaida ni kuweka mistari miwili ya SPF kwa jina moja, kwa mfano wa zamani na mpya. Kanuni zinataka mmoja tu, na ikiwa miwili, ukaguzi mzima unashindikana. Jingine ni kukosa subira. Rekodi ikirekebishwa, mabadiliko yanaweza kuchukua saa kadhaa kuonekana kila mahali. Kijana anayerekebisha, anajaribu baada ya dakika tano na kubadilisha tena, hatajua lipi lilikuwa sahihi. Kama dozi, yaachwe yafanye kazi kabla ya kusema yameshindwa.

Anwani za majumbani pia zina mzigo wa ziada. Shirika la Spamhaus, linalofuatilia watumaji wa barua taka tangu mwaka 1998, lina orodha ya mafungu ya anwani ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja, nyingi zikiwa za wateja wa majumbani. Kuwemo humo si tuhuma, lakini seva nyingi huikagua orodha hiyo na kukataa.

MLANGO ULIOACHWA WAZI

Kosa moja ni baya kuliko yote kwa sababu halionekani kama kosa. Kijana aliyechoka kuona barua zikikataliwa analegeza masharti mpaka seva inakubali kila kitu. Barua zinaanza kutoka, naye anashusha pumzi.

Lakini seva inayokubali kupitisha barua ya mtu yeyote kwenda kwa yeyote ni zawadi kwa matapeli. Mashine zao hupekua intaneti saa zote zikitafuta mlango wa aina hiyo. Wakiupata, maelfu ya barua za utapeli hutoka kwa jina la familia, na jina hilo huingia kwenye orodha nyeusi. Nywila dhaifu ya mmoja wa wanafamilia huleta balaa hilohilo.

Foleni ikionyesha mamia ya barua ambazo hakuna mtu nyumbani aliyeziandika, dawa ya kwanza ni kuchomoa waya wa intaneti. Maswali yafuate baadaye.

SAA ILIYORUDI NYUMA

Kompyuta zilizokwisha kutumika zina ugonjwa wao. Ndani yake kuna betri ndogo ya duara, aina ya CR2032, inayotunza saa wakati umeme haupo. Betri ikiisha, kila umeme unapokatika kompyuta huamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa, mpaka mtandao uisahihishe.

Barua zinazotoka katika hali hiyo zinaweza kubeba tarehe ya zamani. Zinafika, lakini zinaweza kuzama chini ya sanduku la mpokeaji, chini ya barua za miaka iliyopita, naye anaapa hakupata kitu. Cheti cha usalama kinacholinda mawasiliano, ambacho kikitolewa bure kwa kawaida hudumu siku 90, nacho kinaweza kushindwa kujihuisha. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, kijana aangalie tarehe.

SIKU TANO ZA UKIMYA

Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa bahari yetu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Intaneti ilidorora kwa siku kadhaa. Seva ya nyumbani katika hali hiyo haipotezi barua. Inaziweka na kujaribu tena.

Hiyo ni sifa ya barua pepe tangu mwanzo, na Afrika Mashariki iliitegemea kabla ya intaneti kufika. Kuanzia mwaka 1989, shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari bingwa wa moyo wa Marekani, Bernard Lown, lilijenga mtandao wa HealthNet kwa ajili ya wahudumu wa afya. Vyuo vya tiba vya Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Msumbiji vilikuwa miongoni mwa washiriki wa mwanzo. Hapa nchini kituo kilikuwa Muhimbili, Dar es Salaam.

Satelaiti iliyotumika, UoSAT-3, ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, na kurushwa Januari 1990. Ilizunguka dunia umbali wa takriban kilomita 800, ikipita juu ya kituo mara chache kwa siku, na kila ikipita ilikuwa juu ya upeo kwa dakika zisizofika 20. Daktari aliandika swali lake, kompyuta ikalihifadhi, satelaiti ilipopita ikalichukua. Jibu lilisubiri mzunguko mwingine. Baadaye HealthNet ilitumia pia FidoNet, mfumo uliobuniwa na Tom Jennings mwaka 1984, ambapo kompyuta za kawaida zenye modemu zilipigiana simu, mara nyingi usiku gharama zilipopungua, na kubadilishana barua. Nairobi na Kampala nako zilikuwepo kompyuta za namna hiyo.

Tofauti kati ya daktari wa wakati ule na mama wa Pasiansi ni moja. Daktari alijua kwamba barua yake inasubiri. Mama hajui.

Kwa mpangilio wake wa kawaida, Postfix huishikilia barua iliyokwama kwa siku tano kabla ya kuirudisha kwa mwandishi. Katika muda huo hurudia kujaribu kila baada ya dakika tano hadi saa moja na kidogo. Lakini onyo la kuchelewa huwa limezimwa mpaka mwenye seva aliwashe.

Huu ndio mstari mmoja ambao mzazi anastahili kuudai. Unaitwa delay_warning_time. Ukiwekwa saa nne, mama ataarifiwa siku hiyohiyo kwamba barua yake bado haijaondoka, naye atampigia dada yake simu. Mstari huo hautibu chochote, lakini unaondoa ukimya, na ukimya ndio unaoponza watu.

AFYA YA NYUMBA NA YA FUNDI

Betri ile ya duara ina upana wa milimita 20 na inang'aa kama sarafu. Mtoto mdogo akiimeza na ikakwama kwenye umio, inaweza kuanza kuunguza nyama za ndani katika muda wa saa mbili, hata ikiwa ni betri iliyokwisha nguvu. Dalili zinaweza kuwa kutokwa na mate mengi, kukataa chakula, kukohoa au kutapika, na wakati mwingine hakuna dalili yoyote.

Mzazi akihisi mtoto amemeza betri, asisubiri dalili na asimtapishe. Ampeleke mara moja hospitali yenye X-ray, na aseme wazi kwamba ni betri. Betri ya zamani inapotolewa, izungushiwe gundi ya karatasi na iwekwe mbali na watoto siku hiyohiyo.

Boksi la umeme lililo ndani ya kompyuta lisifunguliwe kabisa, kwa sababu hutunza chaji hata baada ya kuchomolewa. Kompyuta inayowaka saa 24 isifunikwe kitambaa wala kupangwa kwenye soketi moja na friji na pasi.

Kijana mwenyewe naye anahitaji usingizi. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa usiku kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Seva haina haraka ya saa nane usiku, kwa sababu barua iliyokwama usiku huo itakuwa bado kwenye foleni asubuhi. Akichoka ndipo huacha mlango wazi ili mambo yaende.

NINI KISIPITE HUMO

Sheria nzuri ya nyumbani ni kwamba seva mpya haibebi jambo la lazima. Anwani za maombi ya chuo, mkopo, ajira, benki na hospitali zibaki kwenye huduma iliyozoeleka mpaka seva imalize angalau miezi mitatu bila barua kupotea.

Jina la kikoa nalo lina tarehe ya mwisho. Majina yanayoishia na .tz hulipiwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Kijana akienda bweni na malipo yakasahaulika, jina linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine. Mtu huyo ataanza kupokea barua zote za familia, zikiwemo zile za kubadilisha nywila za akaunti nyingine. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, na malipo yawe kwa jina la mzazi.

Na kijana akisifiwa mpaka duka la dawa la jirani au shule ya awali ikaomba aitunzie barua, mzazi asimamishe kwanza. Hapo anashika taarifa za watu wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo wajisajili na kuzilinda. Majibu ya vipimo vya mgonjwa hayapaswi kukaa sebuleni kwa mtu.

MASWALI MATANO YA MZAZI

Jioni, kabla kijana hajagusa chochote, mzazi avute kiti na kuuliza haya kwa mpangilio huu.

Saa na tarehe ya kompyuta ni sahihi?

Tuna anwani yetu wenyewe, au tuko nyuma ya geti la pamoja?

Barua ya mwisho kwenda nje ilijibiwa kwa namba inayoanza na ngapi?

Kwenye foleni kuna barua ambayo hatukuiandika sisi?

Umebadilisha kitu gani kimoja leo, na umekiandika wapi?

Swali la tano ndilo linalomjenga kijana. Awe na daftari la karatasi, abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, aandike tarehe, alichobadilisha na kilichotokea. Kikishindikana, akirudishe kama kilivyokuwa kabla ya kujaribu kingine. Siku atakapokwenda kidato cha tano, daftari hilo ndilo litakalomwezesha mdogo wake kuiendesha seva, au baba kuizima kwa usalama na kurudi kwenye huduma ya kawaida bila aibu.

Kwa barua ambayo haipaswi kuchelewa, njia bado ni ya zamani: iandike, itume, kisha piga simu uulize kama imefika.